Msimwamshe Mama

Brenna alitoka chooni akijifuta mikono kwenye suruali, akakuta uwanja wa kituo cha mafuta mtupu. Pampu zilikuwepo, pipa la taka lilikuwepo. Ile nyumba ya magurudumu, ndefu kama basi, yenye jiko na vitanda na mumewe na watoto wake wawili, haikuwepo.

Kwanza alidhani mumewe Garrett ameisogeza nyuma ya jengo, maana Garrett ni mtu wa kuona haya hata kuzuia pampu isiyo na foleni. Akazunguka. Nyuma hapakuwa na kitu ila matairi mabovu, na nyasi kavu za jimbo la Montana zikienda mpaka macho yachoke. Aliporudi mbele aliona, mbali huko upande wa magharibi, kitu cheupe kikipanda kilima. Kikafika juu, kikazama.

Kisa cha namna hii alikijua. Tangu watoke kwao, jimbo la Minnesota, kila kambi waliyolala hapakukosa mzee wa kusimulia alivyomwacha mkewe kituoni akidhani kalala kitanda cha nyuma, na wenzake wakacheka mpaka wakashika mbavu. Brenna naye alicheka. Sasa simu yake ilikuwa kwenye chaji kando ya mto wa kulalia, ikisafiri na wengine.

Aliingia dukani. Nyuma ya kaunta alisimama mama mmoja wa makamo, jina lake, Verna, limedariziwa kifuani.

"Wamekuacha," Verna alisema. Hakuuliza.

"Mume wangu. Na watoto."

Verna akaangua kicheko, kisha akajizuia. "Pole, binti. Wewe si wa kwanza. Mwaka juzi nilipata mmoja ana taulo tu. Simu hiyo hapo, mpigie huyo bwana kabla hajafika baharini."

Namba ya Garrett ilikuwa kichwani mwake, hata usingizini angeitaja. Mkono wake ulifika kwenye simu, ukasita. Wazo lilimjia la kitoto, tena la uchungu: ngoja nione. Ngoja nione itawachukua muda gani kujua kwamba simo.

"Watarudi tu," akasema.

"Kahawa?"

"Hapana, asante, usijisumbue."

Kwao Minnesota ndivyo walivyomlea. Kitu unakikataa mara ya kwanza, unabembelezwa, unakataa ya pili, ya tatu ndipo unapokea kana kwamba unamsaidia mwenyeji kisimwagwe bure. Lakini Verna alikuwa mtu wa Montana. "Haya," alisema, akaendelea kupanga sigara. Brenna akatoka na kiu yake ya kahawa, akakaa kwenye benchi la nje.

Adabu yao hiyo, ukiitazama kwa karibu, ni ukuta. Mwezi wa tatu mwaka huu mimba yake ilitoka, mtoto wa tatu, ilikuwa imeshaanza kuonekana. Majirani walileta mabakuli ya nyama na viazi, wakayaweka mlangoni, wakaondoka bila kubisha hodi ili wasimsumbue. Mama mkwe alituma kadi yenye picha ya maua. Garrett alikunja kitanda cha mtoto siku Brenna alipokwenda dukani, asije akakiona kikikunjwa, na hakusema neno. Mwezi wa sita akanunua nyumba ya magurudumu kwa mjomba wake, akaiosha siku mbili. "Tutatembea," alisema. "Utapata hewa." Mficha maradhi kifo humuumbua, husema wahenga, lakini wahenga hao hawakuzaliwa Minnesota.

Akangoja. Sasa Anders, ana miaka minane na njaa ya watu wawili, ataomba mkate. Garrett atasema muulize mama. Watagundua. Hawakuja. Basi sasa Signe, ana miaka minne, atabanwa mkojo, na Signe hakubali kwenda chooni na mtu mwingine. Hawakuja. Lori likapita. Gari jeupe likatokea magharibi, Brenna akainuka mpaka akasogea ukingoni mwa barabara, na lilikuwa la kubebea farasi. Akarudi kwenye benchi akijionea aibu, ingawa hapakuwa na mtu wa kumwona. Hakuwahi kujisikia mpweke namna ile maishani, hata kule hospitali.

Kivuli cha paa kilikuwa kimeshamfika Brenna magotini, Verna alipotoka na kuketi kando yake.

"Hujapiga bado?"

"Bado."

"Unangoja nini?"

Brenna alitaka kusema hapana shida, kama alivyozoea. Badala yake akasema, "Nangoja wanikumbuke."

"Alaa. Mtihani."

"Labda."

"Mimi nilimpa mume wangu mtihani kama huo. Sikumwambia kama yumo chumba cha mtihani." Verna akakung'uta vumbi kwenye goti. "Mpaka leo nausahihisha peke yangu. Kapige simu, mwanangu. Acha ujinga."

Aliinuka kwenda kupiga. Kweli aliinuka. Alikuwa ameshika kitasa cha mlango aliposikia mlio wa ile injini, akageuka, na nyumba ya magurudumu ikaingia uwanjani kwa kasi mpaka vyombo vikagongana kabatini. Garrett aliruka chini uso mweupe kama karatasi.

"Brenna. Mungu wangu. Nilidhani umelala."

"Najua."

"Pazia lilikuwa limefungwa. Nikawaambia watoto, msimwamshe mama, leo apumzike. Wakatulia, Brenna. Hawajawahi kutulia vile."

Anders akampita baba yake akamrukia mama kiunoni. "Tulikusahau! Baba katukana, tena tusi kubwa! Karudia mara mbili!"

"Mlijuaje?"

Garrett alitazama chini. "Signe alilia. Akakataa kusema kwa nini. Nikasimama, nikafungua pazia."

Signe mwenyewe hakushuka. Alisimama mlangoni juu ya ngazi, amekumbatia kiatu chake kimoja, akimtazama mama yake kama mtu anayepima kama maji ni ya moto.

"Njoo, Signe."

"Umeacha kununa?"

"Nani kanuna?"

"Wewe. Nilikuita pazia likiwa limefungwa. Nilikuita polepole. Nikasema, samahani, Mama. Hukuitika."

"Sikuwamo, mpenzi wangu. Nilikuwa hapa. Sikukusikia."

Signe akalifikiria hilo, akalikubali. Kisha akauliza, bila hasira, kama anayetaka tu kuelewa mambo yanavyokwenda:

"Na jana?"

Jana alikuwamo. Alilala macho wazi, amegeukia ukutani, akaisikia ile sauti ndogo nyuma ya pazia, Mama, Mama, akaiacha iite mpaka ikachoka. Na juzi pia. Saa zote hizi alikaa kwenye benchi akiwapima wenzake, kumbe walioachwa njiani siku nyingi ni wao.

Angeweza kusema alikuwa usingizini. Ndilo jibu la adabu, na Signe angelipokea.

"Jana nilikuwamo," akasema. "Nilikusikia."

"Mbona hukuitika?"

"Nilikuwa nalia. Kwa ajili ya mtoto wetu aliyekufa. Sikutaka mtu anione."

Lile neno, mtoto, lilikuwa halijatamkwa na yeyote kati yao tangu mwezi wa tatu. Anders akaacha kuning'inia kiunoni. Garrett alisimama mikono ikining'inia kama ya mtu mwingine.

"Hata mimi nilikusikia," akasema.

Brenna akamgeukia.

"Jana. Na usiku ule tulipolala Dakota. Na nyumbani, kule bafuni, umefungulia maji." Akajifuta uso kwa mkono. "Nilikuwa nasimama mlangoni. Nilidhani hutaki niingie."

"Ulisimama mlangoni?"

"Kila mara."

Akalia basi, Brenna, palepale kwenye lami, mchana kweupe, kamasi na yote, na Garrett akamshika bega kwanza kwa vidole, halafu kwa mkono mzima. Verna alirudi dukani.

Signe alishuka ngazi kwa makalio, moja moja, kama anavyoshuka siku zote. Akaja mpaka mbele ya mama yake, akautazama vizuri uso wake uliolowa.

"Ukilia tena, niite," akasema. "Mimi huwa naitika."