Siku Waliyoiandika Sahihi

Binti wa ofisi ya hali ya hewa alilisukuma daftari lao la utabiri mezani kwa kidole kimoja, nami nikalitazama bila kuligusa. Wakubwa wakikuonyesha kitu upesi namna ile, ujue kuna ukurasa wamekwisha kuuchomoa.

Nilikuja na langu. Miezi saba tangu nimzike mke wangu, kila asubuhi nilisikiliza utabiri redioni, nikauandika. Jioni nikapima kwa rula maji ya kopo lililokaa uani. Wakisema jua na kopo limejaa, napiga msalaba: wamekosa. Sikusoma sana, lakini msalaba naujua.

"Baba, umefanya kazi kubwa," akasema yule binti. "Wengine huja na matusi tu."

"Matusi ninayo. Nimeyaacha kwa mlinzi."

Akacheka. Hata kicheko sikukiamini. Nikamtajia tarehe niliyoifuata: ile waliyotangaza manyunyu, mtaro wa barabara ya chini ukafurika, ukamchukua mke wangu pamoja na furushi la sare alizoshonea watoto wa shule.

Akaitafuta. Mbele ya tarehe wameandika: milimita mbili. Utabiri sahihi.

"Mbili? Kwetu maji yalifika madirishani!"

"Kipimo chetu kiko uwanja wa ndege, baba. Kule yalikuwa manyunyu kweli. Tunajipima kwa hicho."

"Yaani mwanafunzi anajisahihishia mtihani, na maswali kachagua mwenyewe."

Akalivuta daftari upande wake.

"Futa," nikamwambia. "Andika mlikosea. Neno moja tu, mwanangu."

"Sina ruhusa. Aliyetia sahihi ni mkurugenzi. Lakini naweza kuchukua maelezo yako, niyaambatanishe."

Kuambatanisha! Makabati yao nayajua. Karatasi ikiingia humo haitoki. Hata hivyo nikavuta kiti.

"Asubuhi ile kwenu kulikuwaje?" akauliza, kalamu tayari.

Asubuhi ile mke wangu alisimama mlangoni na furushi lake kichwani, akatazama juu. "Baba watoto, wingu hili silipendi. Nitapeleka kesho." Nami nilikuwa nimekaa, kikombe cha chai mkononi. "Wewe na redio, nani kasoma? Nenda, mama. Utarudi mkavu."

"Kulikuwaje, baba?"

"Andika," nikasema. "Redio ilitangaza manyunyu."

Akaandika. Kisha akanyanyua kalamu, akasubiri niendelee.