Jicho Langoni kwa Mama Simone

Wezi walipochukua sufuria mbili za Mama Simone, moja ikiwa bado na sombe, ile mboga ya majani ya muhogo, inayochemka, Daniella binti yake alilia kwenye simu kule Johannesburg kuliko alivyolia siku ya kuolewa. Haukupita muda akatuma dawa: kengele yenye jicho, ya kufungwa langoni. Mtu akikaribia, simu ya Mama Simone, na ya Daniella pia, inatetemeka, na humo anamwona mgeni mzima mzima, kofia hadi kandambili, na kumsikia hata akishusha pumzi. Umeme ukikatika, kengele ina betri yake. Mtandao inaunyonya kwenye kimodemu cha Athanase, mume wa Mama Simone.

Athanase, fundi wa zamu kiwandani, ndiye aliyekuwa wa kwanza kunaswa. Akitoka kazini hupitia chupa moja na rafiki zake, kisha husimama langoni kutafuna dawa ya meno, kwa sababu mkewe ni mtu wa maombi na pua yake ni ya maombi pia. Jioni ileile kengele ilipofungwa, simu yake ikalia.

"Papa," akauliza Daniella, "juu ya nini uko nakula dawa ya meno pa mulango?"

Tangu hapo Athanase akawa anaingia kwake kwa nyuma, akipenya ua wa jirani kama kuku aliyeiba mtama.

Mama Simone alicheka mpaka akashika ubavu. Yeye, muuza vitenge wa soko la mtaa wao wa Panda, hakuwa mtu mbaya. Alipenda tu kujua, na sasa kujua kulimfuata mpaka jikoni.

Siku moja alikuwa anasonga bukari simu ilipotetemeka. Langoni walisimama wenzake wawili wa kanisani: Mama Mbombo, rafiki yake tangu wakiwa wasichana, na Mama Hortense, ambaye husimama popote Mbombo anaposimama.

"Usimuambie Simone kama Jessy anamukatala ule kijana wa Kakontwe," Mbombo alikuwa akinong'ona. Jessy ni binti yake, aliyeposwa kutoka mtaa wa Kakontwe. "Simone akijua, Panda yote itajua mbele ya bukari kuiva."

"Minye?" akasema Hortense. "Kinywa yangu njo kaburi."

Wakapiga hodi, wakaingia, wakakaa, wakasema kwao wote wazima, Bwana asifiwe. Mama Simone alitaka kuwaambia palepale, jamani, nimewasikia. Baadaye aliapa kwamba alitaka kweli. Lakini kilichotoka kinywani kilikuwa hiki:

"Na Jessy? Moyo yake haiko Kakontwe."

Hortense aliteleza kwenye kigoda. Mbombo alishika kilemba chake kwa mikono miwili kama kwamba paa linang'oka.

"Mama eh! Roho amekufunulia!"

Hapo palikuwa na upenyo mdogo, ukweli ungeweza kupita. Mama Simone akatazama sufuria, akanyamaza. Wenzake wakauita ukimya wake unyenyekevu.

Kinywa cha Hortense, lile kaburi, kilifufuka kabla hajafika kwake. Wageni wakaanza kumiminika. Watu wana tabia moja: kabla ya kupiga hodi husimama kidogo langoni na kusema yale wasiyotaka kuyasema ndani. Wazee wa kanisa nao ni watu. Papa Étienne, mmoja wao, alisimama langoni akiongea na mkewe kwenye simu. "Minye niko Mulungwishi, chérie, kwenye mukutano ya wazee. Ntachelewa." Kisha akabonyeza kengele.

"Karibu, Papa Étienne," akasema Mama Simone akimfungulia. "Pole na njia ya Mulungwishi."

Mzee wa watu alipiga magoti juu ya mkeka na kuungama mambo ambayo hata kengele isingeyajua: munkoyo wa kuchacha anaokunywa kwa dada yake, kadi anazocheza Jumamosi, na dhambi fulani ya ujana wake iliyohusu mbuzi wa paroko. Mama Simone alimwomba anyamaze. Hakunyamaza.

Usiku Athanase alimsikiliza mkewe akisimulia huku akicheka, ila yeye hakucheka.

"Kwetu Bakatoliki," akasema, "muntu anaingia mu confession kwa miguu yake. Anajua kama kuko mwenye kumusikia. Hawa bako nasikiwa bila kujua. Ile si unabii, Simone. Ile ni kusimama nyuma ya mulango."

"Mulango ni yangu."

"Na kinywa ni ya nani?"

Mama Simone alijigeuza upande wa ukuta. Neno lilimwingia, lakini utamu wa kuitwa nabii ulikuwa umeshaingia kabla yake na kukalia kiti. Sokoni wanawake walimwachia njia. Mtu akimwuzia mchele, kipimo kilijaa mpaka kikamwagika. Jambo moja tu lilimkera: Mbombo, ambaye zamani alikuja kila jioni kumaliza naye karanga na maneno ya watu, sasa alikuja mara chache, akakaa wima kama yuko kwa daktari, akaaga mapema.

Ikafika siku ya ibada ya maombezi. Kina mama waliimba kwa muziki uliotoka kwenye simu ya Mama Simone, uliounganishwa bila waya na bafle mbili, zile spika kubwa za kanisa zilizotundikwa juu. Wimbo ulipoisha, hakuna aliyekumbuka kuitenganisha. Pasta Gauthier, kijana mwenye sauti kubwa na suti ya manjano, akamwita mbele.

"Mama nabii, tuambie. Leo Bwana anasema nini?"

Mama Simone alisimama, simu mkononi, kwa kuwa Biblia yake ilikuwa humo. Langoni kwake hakukuwa na mtu tangu asubuhi. Ndipo simu ikatetemeka. Kidole chake, kwa mazoea, kikagusa kioo.

"SIMONE!" ikasema sauti kutoka juu, nzito, ikitikisa mabati. "WEYE SIMONE!"

Kanisa zima likaanguka kifudifudi. Papa Étienne aliingia chini ya benchi.

"Haiko," ikaendelea sauti. "Ameshaenda kanisa. Tumechelewa."

"Basi tupumuzike kwanza," ikajibu ya pili. "Pasta anasema namaliza, kisha anafungua Biblia ingine."

Vichwa vikaanza kuinuka kimoja kimoja. Mbinguni hakuna anayeongea kwa pua kama Hortense.

"Na ile suti," ikasema sauti ya Mbombo. "Iko sawa kopo ya margarine."

Mtu wa nyuma alicheka, akajifanya anakohoa. Mama Simone alikuwa anabonyeza kila kitu kinachobonyezeka, lakini vidole vyake vilitoka jasho na kioo kilikataa.

"Weye uko mukali leo," akasema Hortense.

"Niko na huzuni." Mbombo alishusha pumzi, na bafle zikaishusha pamoja naye. "Simone alikuwa ndugu yangu. Nilikuwa nakuya hapa kucheka. Sasa naogopa hata kukaa naye, nasafisha mawazo mbele ya kufika, kama muntu anafua nguo ya kuazima. Nabii tuko naye. Rafiki, hapana."

Kwa Mama Simone ilikuwa kana kwamba mtu amemvua kitenge mbele ya watu wote. Akabonyeza tena, safari hii bila kukusudia kitufe cha kuongea na aliye langoni.

"Yesu wangu!" akalia.

Sauti yake ikatokea langoni kwake, ikitoka kwenye kengele, na kanisa lote likasikia kina mama wawili wakipiga yowe, kandambili zikikimbia, na Hortense akiita mama yake mzazi, marehemu.

Papa Étienne alijitoa chini ya benchi, vumbi magotini. "Donc," akasema polepole, "Mulungwishi ulisikia mu kengele?"

"Mulungwishi gani?" akauliza mkewe, akigeuka.

Pasta Gauthier alitazama waumini, akatazama suti yake. "Namaliza," akasema, na mara hii alimaliza kweli.

Athanase alifungua skurubu za kengele jioni ileile. Daniella aliponung'unika kutoka Johannesburg, baba yake alimjibu, "Ukitaka kutuona, mama, panda bisi ukuye."

Kesho yake Mama Simone alikwenda kwa Mbombo. Njiani watu walimsalimia kwa kichwa tu, vinywa vimefumbwa. Alipiga hodi. Mlango haukufunguka.

"Ongea palepale," ikasema sauti ya Mbombo kutoka ndani. "Minye nasikia."

Mama Simone akasema samahani. Mbombo akasema hasikii vizuri, apandishe sauti. Akaipandisha. Majirani wakatoka nje, mmoja na kiti chake. Akasema yote kwa sauti ya sokoni: kwamba hakuna Roho aliyemwambia kitu, kwamba alisikiliza kama mwizi, kwamba siri ya Jessy haikuwa yake, na kwamba karanga zimekosa mlaji. Hapo mlango ukafunguka.

Aliyefungua alikuwa Jessy, akitabasamu.

"Ingia, Mama. Ule wa Kakontwe alisikia ile siri pia. Alikuya yeye mwenyewe, akasema kwao njo balimulazimisha. Tuliachana muzuri."

"Usimufariji!" Mbombo akafoka kutoka jikoni. "Bado namukasirikia."

Lakini alikuwa ameshatenga bukari na lengalenga, na sahani zilikuwa mbili. Wakala, mikono ikipishana kwenye mboga. Mbombo alinawa mikono, akachungulia nje kuhakikisha Hortense hayuko karibu, kisha akavuta kigoda.

"Sikia. Kuko siku Hortense alikuya kwako peke yake, minye nilikuwa na homa. Pale pa mulango, alisema nini juu yangu?"

"Nimesahau."

"Muongo!"

Mama Simone alijaza tonge la mwisho kinywani na kutafuna, akatafuna, macho yakimtoka machozi ya kicheko, naye Mbombo akimpiga begani kwa kila tafuno.