Nguruwe wa Nehemia

Felisia alikuwa kwenye metro, treni ya mjini Brussels, ametoka mtaa wa Etterbeek kuelekea kazini, kaka yake Nehemia alipompigia simu kutoka kijijini Mbozi. Alisema amekodi lori. Nguruwe watatu waliobaki, majike wenye mimba, angewauza Tunduma, mji wa mpakani, kabla nao hawajafa. Majirani walikuwa wameacha kumsalimia. Walidai yeye ndiye aliyewaletea homa ya nguruwe.

Felisia, daktari wa mifugo aliyekuwa akisomea uzamivu Brussels, alimsihi asubiri. Damu ya nguruwe wa kijiji kile ilikuwa maabarani kwao, na vinasaba vya virusi vingesomwa siku hiyo hiyo. Nehemia alijibu kwamba dereva hasubiri vinasaba, akakata.

Alipofika maabarani, Felisia alimweleza msimamizi wake, Yolande, kwamba sampuli moja ni ya nguruwe wa kaka yake. Yolande alimshukuru kwa kusema, kisha akamtoa kwenye kazi hiyo. Majibu angeyasoma Harun, Mkenya aliyekuwa akikaa meza moja na Felisia.

Felisia akabaki kwenye korido akipiga simu isiyopokelewa. Kupitia kioo alimwona Harun ameinamia kompyuta, akifika mwisho, akianza upya. Alijua maana yake: ama kuna kosa, ama kuna jambo.

Harun alipotoka hakuketi. Alisema virusi vya nguruwe wa majirani ni vya aina ya zamani, iliyozunguka kusini mwa nchi miaka mingi. Vya Nehemia ni vya aina nyingine kabisa, ambayo haijawahi kuonekana wilayani. Yolande alikuwa ameshaanza kuwaandikia maofisa wa mifugo, na Felisia aliruhusiwa kumwambia kaka yake.

Hatimaye Nehemia akapokea. Injini ya lori ilikuwa ikinguruma.

"Kaka, hukuwaletea majirani ugonjwa," Felisia alisema. "Wao wana wao, wewe una wako. Lakini huo wako ni mgeni hapo. Ukiwafikisha hao Tunduma, hakuna atakayeuzuia tena. Washushe."

"Halafu?"

"Halafu maofisa wa mifugo watakuja kuwaua. Na banda litachomwa."

Felisia akamsikia Nehemia akimwambia dereva azime injini.

Kisha Nehemia akarudi kwenye simu. Alimwomba asikate, angemwita mzee Mwashiuya, jirani wa uzio mmoja, ili ayasikie yale maneno ya kwanza, kwamba hakuwaletea ugonjwa, kutoka kwa Felisia mwenyewe.

"Hayo mengine," alisema, "nitamwambia mwenyewe."

Felisia akasubiri, simu ameibana sikioni, akisikia nguruwe wakilia huku wakishushwa.