Njia Iliyokatwa Migombani kwa Ezron

Habari kwamba kichochoro chao kitapewa jina la marehemu Ezron ilimfikia Jenifer akiwa kwenye cherehani, anapunguza suruali ya mtumba ya mteja wa Kiwira. Cherehani yake ilikaa kwenye baraza la duka la Meshaki, mtoto wa huyo Ezron, na aliyeileta habari alikuwa Meshaki mwenyewe.

"Jumamosi uje mkutanoni na bibi yako," alimwambia. "Ofisi ya mji inataka kila njia iwe na jina, na wananchi wachague wenyewe. Yetu itakuwa Njia ya Ezron. Baba ndiye aliyetoa ardhi. Nataka wazee waliokuwepo waseme."

"Sawa, mzee," Jenifer akaitikia, akaendelea kushona.

Hakuona ubaya wowote. Meshaki alikuwa mtu wa kusikilizwa pale Makandana. Tangu biashara zilipofunguliwa, malori yake yalikuwa hayapumziki, yanashuka Dar es Salaam na viazi na ndizi, yanarudi na mabati na saruji, na vijana wengi wa mtaani walikula kwa kumpakilia mizigo. Mvua za mwaka ule wa tisini na saba zilipokigeuza kichochoro kuwa tope tupu, ni yeye aliyemwaga kokoto bila kuombwa.

Lakini jioni, alipomweleza bibi yake aliyemlea, Bibi Esnath, kikongwe aliacha kumenya ndizi. Kisu kikabaki mkononi.

"Ezron alitoa," alisema. "Ndiyo, alitoa. Alitoa tulipokwisha kuzika."

Jenifer alikuwa amekua akijua kwamba mama yake, Tumpe, alifia njiani akipelekwa hospitali kujifungua, na kwamba mtoto aliyepona ndiye yeye. Alifia wapi hasa, hakuwahi kuambiwa. Safari hii aling'ang'ana kuuliza, na bibi akasimulia taratibu, Kiswahili kikichanganyika na Kinyakyusa.

Zamani hizo hapakuwa na kichochoro. Kati ya nyumba zao na barabara ya hospitali lilikuwa shamba la migomba la Ezron, limezungushiwa ua, na Ezron alikuwa amegombana na majirani juu ya ng'ombe walioingia kula miche yake. Alfajiri moja walimfikisha Tumpe kwenye ua ule juu ya machela ya mianzi, mvua inamwagika. Ezron akatoka na panga. Akasema hapiti mtu, wazungukie huko bondeni, kwenye kijito. Wakazunguka. Kule bondeni, kwenye matope, ndiko Jenifer alikozaliwa, na ndiko Tumpe alikoishiwa damu.

"Msiba haujaisha, akaanza kuikata migomba yake mwenyewe," bibi alisema. "Alikata analia, mpaka akatokea barabarani. Kisha akaleta ng'ombe hapa. Tukachinja, tukala naye chombo kimoja, tukasema neno hili limekwisha na halitatajwa tena. Nimekutajia wewe kwa sababu ni mama yako. Mkutanoni usifungue mdomo."

"Mimi sikula nyama hiyo, Bibi."

"Nilikula kwa ajili yako."

Kikongwe akarudia kumenya ndizi zake.

Jumamosi mvua iliwaingiza wote ndani ya darasa la shule ya msingi. Watu wazima walijibana kwenye madawati ya watoto, magoti yamepanda juu, na madirisha yakafunikwa na mvuke wa makoti yaliyolowa. Mbele alisimama mwenyekiti wa mtaa, Lutufyo, mtu mpole asiyependa kelele. Alieleza kwamba vibao vitachongwa, kwamba jina likishapita halirudi nyuma, kisha akamkaribisha Meshaki kwa haraka, kama mtu anayetaka kumaliza jambo mapema.

Meshaki alisema vizuri. Alishukuru, akataniana na wapakiaji wake waliojipanga ukutani, wakacheka. Kisha akaifikia habari ya baba yake.

"Baba alikuwa mtu wa watu," alisema. "Aliwaona wagonjwa wanateseka, wanazungukia bondeni na mvua. Akasema, hapana, shamba langu si kitu, wapite. Hakulazimishwa na mtu. Ni huruma yake tu."

Watu wakapiga makofi. Kando ya Jenifer, bibi alikuwa ameinamisha kichwa, vidole vimekamata pindo la kitenge. Jenifer aliifikiria cherehani yake kwenye lile baraza, na wateja waliozoea kumkuta pale. Akajiambia atakaa kimya. Alipojitambua, alikuwa amekwisha kusimama.

"Mwenyekiti, naomba jina la pili liandikwe. Njia ya Tumpe."

"Tumpe yupi?" mtu akauliza kutoka nyuma.

"Mama yangu. Ndiye aliyekuwa juu ya machela siku marehemu Ezron alipotoka na panga, akakataa asipitishwe. Njia ilikatwa baada ya kumzika. Kama tunaandika, tuandike yote."

Minong'ono ikasambaa darasa zima. Mmoja wa wapakiaji akapiga hatua mbele. Lutufyo akainua mikono yote miwili kumzuia. Meshaki hakupaza sauti. Alimgeukia Jenifer polepole, na huo upole wake ulitisha kuliko kelele.

"Mtoto wewe, siku hiyo ulikuwa na umri gani?"

"Nilikuwa nazaliwa."

"Kwa hiyo hukuona. Unamvunjia marehemu heshima mbele ya watu kwa maneno ya kusikia. Nani shahidi wako?"

Jenifer akamtazama bibi yake, na macho ya wote yakafuata. Waliombeba Tumpe walikuwa wamekwisha kufa. Alikuwa amebaki huyu tu, mama mzazi wa Tumpe. Bibi Esnath akashika ukingo wa dawati, akainuka.

"Nilikula ng'ombe wa Ezron," alisema. "Siwezi kusema neno."

Akakaa.

"Ng'ombe gani?" Meshaki akauliza. Wazee wachache waliokuwemo darasani walitazama sakafu. Mtu aliyekula ng'ombe wa mwenzake hivyo, na akafungwa mdomo kwa nyama hiyo, walijua alikula kwa sababu gani. Jenifer alimwona Meshaki akibadilika uso.

"Yule mwekundu," alisema mwishowe, kwa sauti ya chini. "Nilimswaga mwenyewe mpaka kwenu, sikuambiwa ni wa nini."

Akaketi. Lutufyo, jasho likimtoka, akapendekeza iitwe Njia ya Hospitali, waondoke kwa amani. Jina hilo halikuungwa mkono. Ikabidi kura.

Kwa jina la Ezron mikono ilinyanyuka michache, mingine ikashuka kabla haijahesabiwa. Wapakiaji walimtazama tajiri wao wajue wafanye nini, naye alikuwa ameweka viganja juu ya magoti, hatazami mtu. Kwa jina la Tumpe, mkono wa kwanza ulikuwa wa mama mmoja muuza maziwa. Wakafuata wanawake wa dawati lake, kisha nyuma, kisha hata ukutani. Bibi Esnath hakunyanyua mkono mara zote mbili.

Jina likapita. Jenifer alidhani atafurahi. Alitoka, na bibi akamtangulia kwenye mvua bila kumngoja.

"Nilikaa na mtu yule kwenye chombo kimoja," bibi alimwambia walipofika nyumbani. "Leo umemvua nguo yuko kaburini. Mjane wake atanitazamaje?"

"Na mama yangu je, Bibi? Yeye nani anamtazama?"

Bibi alimwangalia, akaingia ndani, akafunga mlango wa chumba chake.

Jumatatu Jenifer alikwenda kuchukua cherehani kabla hajafukuzwa. Alikuwa ameshaifunga kamba pale Meshaki alipotoka dukani.

"Unaipeleka wapi?"

"Nilidhani hutaki niwepo, mzee."

Meshaki alisimama akitazama lori lililokuwa linapakiwa ng'ambo. "Miaka yote nimewasimulia wanangu habari ya ile njia," alisema. "Baba alinisikia nikisimulia. Alinyamaza tu." Akafuta uso kwa kiganja. "Sikufukuzi. Iache hapo. Lakini kwa sasa usinisalimie. Nikiwa tayari nitakusalimia mwenyewe."

"Sawa."

Akafungua kamba. Mchana kutwa alishona vibaya, akafumua, akashona tena.

Aliporudi nyumbani alimkuta bibi amevaa kitenge cha kanisani, amesimama kando ya mkungu mkubwa wa ndizi uliokatwa siku hiyo hiyo.

"Beba," bibi alisema.

"Tunakwenda wapi?"

"Kwa mjane wa Ezron. Umefungua neno lililofungwa, lazima twende kukaa nalo pamoja. Ukitukanwa, usijibu."

Jenifer akajitwika mkungu. Mama Meshaki alikuwa barazani kwake, miguu ameinyoosha juu ya mkeka. Aliwaona tangu mbali, wala hakuinuka. Bibi Esnath akasimama uani kwenye manyunyu, hakukaribia.

"Ndaga," akamwamkia.

Mama Meshaki alimtazama Jenifer kuanzia miguuni mpaka kwenye mkungu, na Jenifer akainamisha macho, shingo inamuuma.

"Huyu ndiye mtoto wa kule bondeni?" mjane akauliza.

"Ndiye."

"Ezron alikuwa kila akimwona anapita kwenda shule, anaingia ndani kujificha." Akavuta miguu yake, akaacha nafasi kwenye mkeka. "Utue mzigo, mama. Mtalowana."