Chumvi Haingii Peke Yake

Usiku wa jana niliota nimekuwa chumvi. Punje moja, nimevaa kandambili, niko ndani ya utumbo wa mdogo wangu Sikudhani. Sikushangaa. Anaharisha tangu juzi, macho yamezama, na mama anamnywesha maji ya chumvi matupu. Sukari hataki kuisikia, eti inazidisha kuhara.

Mbele yangu kuna ukuta wa seli. Siyo tofali, ni watu. Wamejipanga safu mbili, vichwa kwenye maji, mikia imefichwa katikati. Wanayumbayumba kama mafuta juu ya mchuzi.

Nikamuuliza mmoja mikia wanaifichia nini. Akasema inaogopa maji. Nikamwambia asogee basi nipite.

"Wewe na maji ni damu moja," akasema. "Katikati yetu hupiti. Nenda mlangoni."

Hapohapo hewa ikapenya katikati yao, hata salamu haikutoa. Iliniuma.

Mlangoni amekaa mama bonge, mwili umekunjwakunjwa kama chapati.

"Sukari yuko wapi?" akaniuliza. "Hapa mnaingia pamoja."

"Dada, mtoto anakauka."

"Naona. Maji yote yanakupita yanakwenda chooni. Mkiingia wawili, nayo yanawafuata."

Nikamwambia mama kakataza sukari.

"Mama yako kashawahi kufika hapa?"

Nageuka, utumbo umekuwa jiko letu. Kopo la sukari liko juu ya kabati, mama kalifunga kwa kamba ya katani. Nalivuta fundo kwa meno. Kopo linaniambia nimechelewa, ila nichote tu.

Narudi mbio, ngumi imejaa sukari. Vichwa vya ukutani vimeanza kusinyaa. Nyuma yao namsikia Sikudhani, sauti imekwisha.

"Kaka, kiu."

Yule bonge anaufungua mlango taratibu. Kabla sijatia mguu, nikaamka.

Kumekucha. Mama kasinzia, kikombe cha maji ya chumvi kiko mapajani. Kopo liko juu ya kabati, kamba yake haijaguswa. Sikudhani ananitazama tu, maji haombi tena.

Kitu kikaning'ata kidoleni. Sisimizi. Wamepanga mstari mpaka kwenye ngumi yangu.

Nikaifungua. Sukari, kidogo, imeshalowa jasho.

Nikaikung'utia kikombeni, halafu nikalishusha kopo. Mama akiamka, agombe.