Koti la Kijani la Tata Kapend

Mwadi alikuwa akiyageuza makoti ya mvua yakauke upande wa ndani, pale mzee asiyemjua aliposimamisha baiskeli mbele ya meza yake. Maji yalimchuruzika kuanzia kofia ya majani mpaka kwenye ndala. Jua lilikuwa limekwisha kurudi, kali, kana kwamba hakuna mvua iliyolipiga soko la Kolwezi muda mfupi tu uliopita, na mabega ya mzee yalikuwa yakifuka mvuke.

Mama Beya, aliyeuza viatu vya mpira meza ya pili, hakuweza kunyamaza.

"Tata, hii kinga yako imechoka kuliko weye! Muende bote kwa hopitali."

Mzee akacheka kwa furaha, akaipiga tandiko hiyo kinga, yaani baiskeli yake, kama mtu anayempongeza punda. "Imenileta toka Musumba, mama. Siku kumi na moja. Natafuta Mwadi wa makoti."

"Mwadi njo mi, tata," akajibu.

"Aa! Njo weye!" Akamtazama vizuri, akatabasamu. "Mi Kapend. Tata ya François. Aliniambia nikifika nikuje kwako, utanionesha kwenye eko. Simu yangu iliingia maji kwa njia, ikakufa."

Koti alilokuwa ameshika Mwadi lilianguka, na hakuinama kuliokota.

Kumbe hajui. Siku saba zilizopita udongo ulikuwa umelowa mno, na shimo la madini walimochimba François na wenzake watano, ng'ambo ya Kapata, lilijifunga. Watu walimpigia simu mzee mara nyingi, ilikuwa haipatikani. Mwadi alidhani habari zimemfikia kwa njia nyingine, mtu kwa mtu, kama zinavyosafiri habari mbaya. Lakini mzee alikuwa barabarani, anakanyaga baiskeli kuelekea kwa mwanawe.

"Tata, ikala kwanza," akamwambia, akamsogezea kiti.

Mzee hakukaa. "Eko mugonjwa?"

"Shimo ilianguka, tata."

"Alikatika mukono? Muguu?"

Mwadi akatikisa kichwa. Alitafuta neno la kumpunguzia uzito, na katika masomo yake yote ya chuo, na katika vitabu vyote alivyovisoma kwa kuamini kwamba maneno mema yanaweza kumponya mtu, hakulipata. "Hakutoka," akasema.

Mzee akavua kofia yake ya majani. Akaikung'uta maji polepole, kama vile hiyo ndiyo kazi iliyomleta. Kisha akauliza, "Mulimuzika wapi?"

Hilo ndilo swali alilokuwa akiliogopa. Walichimba siku mbili kwa majembe na kwa mikono, udongo ukaporomoka tena, wakakoma. Hapakuwa na kaburi. Chumba cha François kilikuwa na mpangaji mwingine tayari, na vitu vyake vichache vilikwisha kuchukuliwa, kila mtu kimoja.

"Mama yake nitamupelekea nini?" mzee akasema. Hakuwa akimwuliza yeyote.

Mwadi akainama chini ya meza, akatoa koti la kijani.

Alikuwa amelificha huko wiki tatu. François ndiye aliyelichagua. Alifika Jumamosi moja, mwenye vumbi jekundu mpaka kwenye kope, akayakataa makoti mapya ya plastiki yaliyoning'inia mbele. "Hii itamupika tata," alisema. "Njia ya kwetu ni mvula, jua, mvula, jua. Atalowa kwa ndani na jasho." Akafukua robota la tombola, zile nguo za mitumba, mpaka chini. Kila koti alilibana kinywani akapuliza kuona kama kitambaa kinapumua. Kila koti alilimwagia maji ya kifuko begani. Hili la kijani maji yaliteleza juu yake kama shanga. Lilikuwa na zipu chini ya makwapa za kuingizia hewa, na mgongo mrefu. Alilivaa, akainamia meza, mikono mbele kama ameshika usukani, makalio juu, akaanza kukanyaga hewa. "Angalia nyuma! Mugongo inafunikwa ama haifunikwe?" Soko zima lilicheka. Mwadi alicheka mpaka akafuta machozi.

Kisha François akawa mtu mzima tena. "Umuchungie. Kama niko kwa kazi, umuvalishe weye. Tata akipata kitu ya muzuri anaiweka mpaka Noeli. Unipe neno yako: asitoke Kolwezi bila kuivaa."

"Nakupa."

"Na akishafika, tutaenda naye kwenu," alisema, akitazama pembeni. "Asalimie baba na mama yako."

Aliondoka akisahau kofia yake nyeusi ya sufu, aliyoivua ili ajaribu ile ya koti. Hakuirudia.

"Aliivaa hii?" mzee akauliza sasa, Mwadi alipokwisha kumsimulia, akilipapasa koti.

"Aliivaa, tata. Pale pale kwenye umesimama."

Mzee akalikunja kwa uangalifu, kama anakunja kitu kinachoweza kuumia.

Alilala siku mbili kwa Mama Beya, huko Kapata. Akapelekwa kuliona lile shimo. Akarudi na udongo mfukoni na kikohozi kifuani. Asubuhi ya tatu akapita sokoni kuaga. Alikuwa na shati lake tu. Koti lilikuwa nyuma ya baiskeli, limefungwa ndani ya plastiki, limekazwa kwa mipira.

"Tata, hukuivaa?"

"Nitaizika kwetu. Kwa mama yake. Nikiivaa mimi, tutazika nini?"

"Siku kumi na moja ya mvula, tata. Na unakohoa. Alisema uvae, nilimupa neno."

"Ulimupa mutu mwenye alikuwa hai," mzee akajibu bila ukali. "Eko wapi wa kukuuliza?"

Mama Beya akamvuta Mwadi mkono. "Mwache, mutoto. Kila mutu na kilio yake."

Mwadi akatazama upande wa machimbo ya Mashamba, ambako wingu jeusi lilikuwa linajenga tena. Ni kweli, hakuna wa kumwuliza. Hakuna aliyemuuliza chochote tangu siku ile. Hakuwa mke, hakuwa mchumba wa kutajwa. Hakuna aliyetandika mkeka wa msiba kwao, hakuna aliyekuja kumpa pole. Alikuwa na kofia ya sufu tu, ndani ya mkoba wake, ambayo hakuwa ameifua kwa sababu ilikuwa bado na harufu ya kichwa cha François. Pasipo hiyo hangekuwa na kitu cha kumthibitishia kwamba hakuota.

Akaitoa.

"Koti alijaribu tu, tata. Mara moja. Hii njo ilikuwa yake. Alivaa kila siku."

Mzee akaipokea kwa mikono miwili. Akaisogeza usoni, na hapo ndipo, kwa mara ya kwanza tangu afike, mabega yake yakaanza kutetemeka. Mama Beya akageuka akapanga viatu vilivyokuwa vimepangwa. Ilichukua muda. Kisha mzee akamtazama Mwadi, kofia bado ikiwa puani.

"Na weye, mwana yangu? Unabakia na nini?"

"Uvae koti, tata."

Akavaa. Mwadi akamwinamisha kwenye usukani kama François alivyoinama. Mgongo ulifunikwa. Mikono ilizidi kidogo, maana mzee alikuwa amesinyaa kuliko mwanawe alivyomkumbuka. Akaikunja mara moja. Akamfungulia zipu za makwapani.

"Kofia ya koti usiivae mpaka mvula ianze. Usikie bakamyo ya mizigo ikikuja nyuma yako."

"Nimesikia."

Aliweka ile ya sufu kifuani, ndani ya shati, akafunga zipu mpaka kidevuni, akaondoka.

Jua lilikuwa bado linawaka alipofika mwisho wa barabara. Matone ya kwanza yakapiga meza, na wauzaji wakaanza kukimbia na mali zao. Mwadi hakusogea. Kwa mbali aliiona ile rangi ya kijani ikisimama, mkono ukipanda, kofia ya koti ikivutwa kichwani. Kisha ikaendelea.