Somo Lisilotajwa Mbele ya Dada

Feleti alikuja kikaoni amejifunga kiunoni, kwa desturi ya Tonga, mkeka wake mzuri, ule wa misibani, utadhani kuna mtu wa kuzikwa. Mwalimu Lesieli alimtazama akikohoa kohoa, mwenyekiti mzima wa kamati ya shule, mzee wa kanisa, baba wa watoto saba, anatokwa jasho kwa ajili ya somo moja la darasa la sita.

Somo lenyewe lilikuwa la kesho. Mwili unavyokua, damu ya wasichana inatoka wapi, nani haruhusiwi kukugusa na umwambie nani akikugusa. Basi. Wavulana wangefundishwa na mwalimu mkuu, chumba cha pili. Lesieli alilitaka kwa sababu ya Siale, binti wa Feleti mwenyewe, aliyetoka darasani wiki iliyopita analia, sweta kalifunga kiunoni, asirudi tena. Mama yake alikuwa New Zealand akichuma matunda. Nyumbani walisema ana homa.

"Hilo somo lisimame," Feleti alisema.

"Lipi, mwenyekiti?"

"Hilo hilo."

"Nisimamishe hesabu?"

"Mwalimu, usinichezee! Nitalitajaje na dada yangu amekaa pale?"

Kweli, Vaisima, dada yake mkubwa, alikuwa amekaa karibu na dirisha. Kwao Tonga kaka hatamki mambo ya mwili mbele ya dada, na binamu ni dada vilevile, kwa hiyo kila mwanamume mle ndani alikuwa na wa kumwonea haya. Lesieli alilelewa hivyo na hakuwa na ugomvi na heshima hiyo. Aliowadharau ni hawa madume waliojificha nyuma ya heshima yenyewe.

Mwishowe wanaume wote wakatoka nje ili wapate kuzungumza. Dirisha lilikuwa wazi. Ndani wanawake walisikia kila neno, na huko nje heshima haikumaliza hata dakika.

"Mwalimu mwenyewe hata mume hana, atafundisha nini?" mmoja aliuliza.

"Aje kwangu usiku nimpe tuisheni," alijibu Feleti. "Bure kabisa!"

Wakacheka mpaka wakapigana makofi mgongoni. Yule aliyekosa neno moja la kusema kumbe alikuwa nayo tele, na yote machafu. Kisha wakarudi ndani na nyuso za Jumapili.

"Kamati imeamua," Feleti alianza.

"Tumeisikia," Vaisima alisema. "Tuisheni ya bure."

Feleti akakaa.

"Siale ni mtoto wa kaka yangu," Vaisima aliendelea, "na kwa desturi yetu juu ya watoto wa kaka yangu mwenye neno ni mimi, shangazi yao. Kesho atakaa mbele. Kuna anayebisha?"

"Hapana, dada," Feleti alijibu, macho chini.

Wanawake walimpongeza Lesieli, naye hakuona cha kupongezwa. Somo lilipita kwa sababu mtu mzima ameaibika. Mtoto hakuna aliyemuuliza.

"Siale anaendeleaje?" alimuuliza Feleti mlangoni.

"Ah, homa za kike tu hizo. Zinaisha zenyewe."

Kumbe alijua. Lesieli alitamani kumtemea mate.

"Ulijua, na mimi hukuniambia?" Vaisima, aliyekuwa nyuma yao, alimaka.

"Ningekuambiaje, dada?"

Wanawake wale wawili walikwenda moja kwa moja nyumbani kwa Feleti, wakamkuta Siale chumba cha nyuma, amejikunyata ukutani. Nguo zake alikuwa amezikunja vizuri, na begi lake la shule lilikuwa mgongoni kwa mdogo wake, aliyekuwa akizunguka nalo chumbani kwa furaha.

"Nimempa," Siale alisema. "Mimi silihitaji tena."

"Kwa nini, mwanangu?" Lesieli aliuliza.

Mtoto aliwatazama wote wawili, akashangaa kwamba watu wazima hawajui.

"Si ninakufa?"